Waiteni Barazani: Barua ya Wazi kwa Wazee na Walimu wa Mbulu na Hanang

Kwa wazee wa mila na wajumbe wa mabaraza ya kata. Kwa wakuu wa shule za sekondari. Kwa maofisa elimu wa halmashauri zetu tatu: Mbulu Mji, Mbulu Wilaya na Hanang.

 

Naandika kuhusu watoto wa kati ya miaka 13 na 18, na kuhusu jambo tunalowahubiria kila siku bila kuwafundisha. Amani wanaiimba Mwenge wa Uhuru unapopita. Wanaisikia kanisani na msikitini, wanaiandikia insha, wanaikariri kwenye mahafali mbele ya mgeni rasmi. Lakini mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu, wa Dongobesh au wa Endasak: ng'ombe wa jirani wameingia kwenye mahindi yenu, baba yuko mnadani, utaanza na nini? Atasema atamwita kaka yake. Mwulize kaka aje amebeba nini; ataangalia pembeni na kucheka.

Ombi langu ni moja. Waruhusuni vijana hawa waingie barazani wakae na kusikiliza, kisha wapewe mashauri yao wenyewe wayasuluhishe. Usuluhishi ni ufundi. Hakuna aliyejifunza kukamua ng'ombe kwa kusikiliza hotuba juu ya maziwa.

Tuangalie kwanza ugomvi wenyewe unakoanzia. Huku kwetu anayetembea na mifugo mara nyingi si mzee mwenye mifugo. Ni kijana, pengine mtoto. Anayelinda shamba naye ni kijana. Kwa hiyo wawili wa kwanza kukutana kwenye mpaka wa shamba, ng'ombe wakiwa tayari wameshainamisha vichwa, ni watu wasio na kitambulisho cha taifa. Watu wazima hufika baadaye, fimbo zikiwa zimeshatembea, na ndipo mtendaji anapoandika kwenye faili lake "mgogoro wa wakulima na wafugaji". Ni jina kubwa mno kwa kitu kilichoanza kati ya wavulana wawili waliowahi kukaa dawati moja darasa la nne.

Hata majira yake yanajulikana. Zamani shamba la mahindi likishavunwa, Juni au Julai, lilikuwa wazi. Mabua yalikuwa ya ng'ombe na samadi ilikuwa ya mwenye shamba, na hakuna aliyehitaji kuandikishana. Siku hizi wengi wetu tunachanganya mahindi na mbaazi. Mahindi hutoka, mbaazi hubaki zimesimama mpaka Agosti, Septemba, au zaidi. Mchungaji wa miaka 14 anaona mahindi yameondoka, na kwa elimu aliyopewa na babu yake anajua shamba limefunguliwa. Mwenye shamba anaona fedha yake imesimama. Hapo hakuna mwizi wala mchokozi, kuna kalenda mbili ambazo hazijawahi kukalishwa pamoja. Tena thamani yenyewe haitulii: mwaka 2017 India ilipobana uagizaji wa mbaazi, bei iliporomoka, na shamba lile lile likapungua thamani kwa amri iliyotolewa mbali kabisa na Katesh. Msuluhishi asiyejua bei ya msimu huu atatoza fidia ya mwaka juzi, na ugomvi utarudi.

Mtaniambia kijiji kimeshapanga matumizi ya ardhi, malisho yako huku, mashamba kule, na ramani imebandikwa ofisini. Sawa. Ramani hiyo ilipitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kisheria ni mkutano wa watu wa miaka 18 na kuendelea. Anayeswaga ng'ombe kila asubuhi hakuwapo, na hakuna aliyemtembeza kumwonyesha mpaka ulipo. Tumeweka sheria ya barabara bila kumwonyesha dereva barabara.

Sasa niseme kwa nini nataka waingie barazani, na si kwenye semina.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya usuluhishi, mara nyingine nikiwa shahidi, mara nyingine nikiwa mpita njia aliyevutwa na mazungumzo. Mzee anayeijua kazi yake hamwulizi mchungaji, "Kwa nini umelishia shamba la watu?" Swali hilo limeshahukumu. Humwuliza ng'ombe walitokea upande gani, jua lilikuwa wapi, nani aliwaona kwanza, alikuwa na nani. Kijana anayeulizwa hivyo hujikuta anasimulia badala ya kujitetea, na katika kusimulia atafika mwenyewe pale aliposinzia chini ya mgunga. Kisha mzee hakubali hasara ihesabiwe kwa mdomo. Watu huondoka wakaenda shambani siku ile ile, kabla nyayo hazijafutika na kabla mwenye shamba hajaongeza mistari. Bwana shamba akiwapo atawaeleza kwamba mahindi yaliyo chini ya goti, yakiliwa majani, huweza kuchipua tena, kwa sababu sehemu inayokua bado iko chini ya udongo. Yaliyokwisha toa mbelewele hayana pa kurudi. Mistari ishirini iliyoliwa mapema si sawa na mistari ishirini iliyoliwa mahindi yakibeba. Mwishoni, mzee mzuri haharakishi kutaja fidia. Huacha maneno yaishe. Huyu aseme mpaka aanze kujirudia, na yule vile vile, ndipo mtu wa tatu ambaye hajasema kitu tangu asubuhi huombwa maoni.

Kila kipande cha kazi hiyo kinafundishika, na vingi vimeshafundishwa shuleni bila kuunganishwa: vipimo vya eneo kwenye Hisabati, ukuaji wa mmea kwenye Biolojia, usimulizi kwenye Kiswahili. Kinachokosekana ni kumwona fundi akifanya.

Wairaqw wana slufay, ile dua ndefu ya kishairi ambayo mzee huitongoa na umati ukaitikia. Nimeisikia kwenye mikutano ambayo watu walifika wamenuniana. Haikumaliza ugomvi wowote, lakini wale walionuniana walikuwa wameitikia pamoja kwa sauti moja kabla ya kuanza kubishana, na ubishi uliofuata ulikuwa na adabu. Wadatoga wana girgwageda, baraza ambalo lina subira ya ajabu; shauri likihitaji siku kadhaa linapewa siku kadhaa. Vijana wetu wa sekondari hawayajui haya. Wanakaa bweni, wakirudi likizo wanakuta vikao vimekwisha, na wakikuta kinaendelea wanafukuzwa wakachote maji. Tumewatoa kwenye shule moja tukawaingiza kwenye nyingine, na hiyo ya pili haina somo hilo.

Badala yake ina fimbo. Sizungumzii shule fulani, nazungumzia desturi ambayo kila mwalimu anayesoma hapa anaifahamu. Wakipigana wawili, wote wawili huchapwa, kesi imekwisha. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinataka visizidi vinne, mkuu wa shule aviidhinishe na viandikwe kwenye kitabu. Hilo nawaachia wakaguzi. Ninalouliza mimi ni wale wawili wamejifunza nini. Wamejifunza kwamba mwenye nguvu zaidi ndiye anayefunga mjadala. Hawakuulizwa ilianzaje. Ugomvi wao umeahirishwa hadi siku ya mnada, ambako hakuna mwalimu wa zamu.

Na madarasa yetu yana mambo ya kuulizana. Hapa, tofauti na karibu kila mahali Afrika, wazungumzaji wa koo nne za lugha wanakaa chumba kimoja: Iraqw, Datoga, lugha za Kibantu za Wanyaturu, Wanyiramba na Waihanzu, na Kihadza ambacho hakina ndugu anayejulikana. Mtoto wa Kidatoga huitwa "Mang'ati" kwenye foleni ya uji, na mtoto wa Kihadzabe huitwa mabaya zaidi. Wahadzabe, kama alivyoandika mwanaanthropolojia James Woodburn aliyekaa nao, wana dawa yao ya zamani: wakikosana kambini, mmoja huhama. Ni dawa nzuri sana kama una nyika. Bwenini hakuna pa kuhamia, hivyo yule mtoto hutoroka shule, na sisi tunaandika "mtoro" kwenye rejista. Pengine alikuwa anasuluhisha ugomvi kwa njia pekee aliyofundishwa kwao.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kuna amani ninayoiogopa ifundishwe shuleni, nayo ni amani ya kunyamaza.

Hanang mnaijua habari ya Basotu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwenye uwanda wa Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Yalifika saba, jumla yake ekari zipatazo 100,000, tena kwenye malisho bora. Wafugaji waliondolewa, njia za kwenda kwenye maji na chumvi zikazibwa, na bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee wao, yakapitiwa na matrekta. Hawakuchukua mikuki. Mwaka 1981 wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani Arusha. Mahakama Kuu iliwasikiliza na kuwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua, ikisema pamoja na mengine kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mbarbaig, chini ya Mlima Hanang, hakuthibitisha kuwa ni mwenyeji! Mwaka 1989 Wabarbaig wakaandika barua ya wazi kwa wananchi wa Canada. Nikiandika yangu leo najua natembea kwenye njia iliyokwisha kukanyagwa na watu wenye dhiki kubwa kuliko yangu.

Mwalimu anayefundisha amani Katesh akaipita habari hii kimya anafundisha nusu. Kijana wa Kibarbaig ataikuta nyumbani kwa bibi yake, na atakapoikuta ataona kwamba shule ilimficha. Wafundisheni kesi ya Mulbadaw kama ilivyo: nani alidai, ushahidi gani ulikosekana, kwa nini karatasi ina nguvu kuliko kumbukumbu, na wangefanya nini zaidi. Kisha wapelekeni Yaeda Chini, ambako mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina la jamii, wakiwa na wanasheria na ramani, na mipaka yao ikaandikwa. Ukiziweka kesi hizi mbili mezani kwa wiki mbili, kijana atajua kudai bila kupiga. Nafasi ipo: tangu Januari 2024 mtaala mpya umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, tena linafundishwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hakuna atakayeshindwa kubishana kwa kukosa Kiingereza.

Waongezeeni na Mbulu ya 1960. Katika uchaguzi wa mwaka ule TANU ilitwaa viti 70 kati ya 71 nchi nzima. Kimoja kilichobaki kilikuwa cha kwetu. Herman Elias Sarwatt, mwanachama wa TANU, alisimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama, akashinda. Nchi haikuungua. Napenda kuwatajia vijana habari hiyo kwa sababu wanadhani kupingana ni mwanzo wa vurugu, na hawajui kwamba wilaya yao iliwahi kupingana na Tanganyika yote ikalala usingizi.

Wazee wangu, na ninyi nina neno. Ninapowaombea vijana wakae mbele yenu sisemi kila mnalolifanya ni la kuigwa. Kuna mashauri ambayo hayapaswi kufika barazani kabisa, na yanafika. Msichana wa shule anapewa mimba, familia mbili zinakaa, ng'ombe wanahesabiwa, chai inanywewa, na watu wanasema amani imerudi. Imerudi kwa nani? Tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumpa mimba mwanafunzi ni kosa la kifungo cha miaka 30. Hilo ni la polisi na mahakama. Msuluhishi anayejua kazi lazima ajue kusema "hili silipokei", na kijana wa miaka 16 aweze kulisema hata mbele ya mjomba wake.

Kwa wasichana hatuhitaji kuagiza mfano kutoka mbali. Wanawake wa Kidatoga wana baraza lao, girgwageda gademga, ambalo kwa mila linaweza kumwita mwanamume aliyemtendea mwanamke ukatili na kumtoza faini ya ng'ombe, na wanaume hawaingilii. Mama zetu walikuwa na mahakama kabla hatujasikia neno semina. Mabinti wa sekondari waende wakasikilize mama hao wanavyojenga shauri. Wasichana wengi niliowafundisha walikuwa na hoja nzuri kuliko wavulana, wakazimeza kwa sababu hawakuwahi kumwona mwanamke akihoji hadharani.

Kuhusu sheria, upepo uko upande wetu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mdai huendelea mbele, kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wajumbe wengi wamelalamika kwamba wamenyang'anywa meno. Mimi naona wamebakiziwa kazi ngumu zaidi na yenye heshima zaidi, na pia kazi ambayo mwanafunzi anaweza kuketi pembeni akajifunza bila kuvuruga chochote, kwa kuwa hakuna hukumu anayoweza kuichafua. Wenye shauri waombwe ridhaa, mambo ya aibu za familia yafungiwe mlango, mengine yawe wazi. Wanafunzi wanne au watano kwa kikao wanatosha, wakiwa na mwalimu mmoja na daftari.

Shuleni, undeni baraza lenye wajumbe saba, wasichana wasipungue watatu, kama sheria inavyotaka kwenye baraza la ardhi la kijiji. Lipewe mambo madogo ya kweli: godoro lililohamishwa, foleni ya maji, deni la shilingi elfu mbili, tusi la kabila. Wizi mkubwa, ukatili wa kingono na makosa ya walimu visiguswe humo. Mkuu wa shule awe na haki ya kukataa uamuzi, ila aseme sababu mbele ya waliouamua. Wajumbe wabadilishwe kila muhula, na mmoja awe yule aliyewahi kushtakiwa. Huyo ndiye anayejua kesi inavyonuka ukiwa upande wa pili.

Wapo wa kuwasaidia. Haydom kuna Four Corners Cultural Programme, shirika linalokutanisha tamaduni hizi za pembe nne; waiteni. Na mkitaka kujua kama haya yanawezekana hata penye hali mbaya kuliko yetu, ulizeni habari za Wajir, kaskazini mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Koo zilikuwa zinauana. Wanawake, akiwamo Dekha Ibrahim Abdi, walianza sokoni, kuhakikisha mwanamke wa ukoo wowote ananunua na kuuza bila kubaguliwa; kisha wakawaingiza wazee, kisha vijana, kila kundi na kazi yake. Vijana hawakupewa fulana za amani peke yake. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007.

Najua litakaloulizwa kwanza kwenye kikao cha halmashauri: fungu liko wapi, na posho ni kiasi gani. Kukaa chini ya mti na wazee hakuna fungu. Daftari wanalo. Nauli ya wanafunzi kutoka shule ya kata hadi ofisi ya kata ni miguu yao.

Swali la pili lina uzito zaidi: vipi kuhusu wasiosoma, wale ambao ndio hasa wako nyuma ya ng'ombe? Hao shule haiwafikii, lakini baraza linaweza. Mwenyekiti wa kitongoji anawajua kwa majina. Waitwe siku moja na wanafunzi wa rika lao, mifugo ibaki na wazazi, watembezwe kwenye mpaka wa malisho kwa miguu, mawe yaonyeshwe, njia ya kwenda majini ionyeshwe. Katika kutembea huko watafahamiana, na nimeona mara nyingi kwamba mtu humpiga kwa shida mtu anayejua jina lake.

Muhula wa kwanza hufungwa Juni. Wanafunzi hurudi nyumbani wakati mahindi yanatoka na mbaazi zinabaki, yaani wakati ule ule. Naomba kila kata ifanye kikao kimoja kabla ya hapo, na shauri la kwanza wapewe vijana wenyewe, wachungaji na wanafunzi: mwaka huu mashamba yenye mbaazi yafunguliwe lini, na mabua ya mashamba yasiyo na mbaazi yaliwe kwa makubaliano gani. Watakachopendekeza kipelekwe serikali ya kijiji. Kikipita, tarehe iandikwe kwenye mbao za matangazo za shule na ofisi ya kijiji, na itangazwe kwa kipaza sauti mnadani, kwa Kiswahili, Kiiraqw na Kidatoga.

Mimi nipo Dongobesh. Nikiitwa nitakuja, kwa nauli yangu.

Wenu katika kazi,
Mwalimu mstaafu,
Dongobesh, Mbulu